Jibu: Je, kweli Uthiramerur walipiga kura karne ya 10?

Salaam mkuu. Nimekuelewa: umesoma kwamba kijiji cha Uthiramerur, jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, kilichagua viongozi kwa kura zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na hujui uamini au ni stori tu za mtandaoni.

Anza na ukuta wenyewe. Maandishi yamechongwa kwenye mawe ya hekalu la Vaikunta Perumal, enzi za Parantaka wa Kwanza, mfalme wa Wachola, nasaba iliyotawala kusini mwa India, mwaka 919 na 921. Niliposoma tafsiri yake, kilichonigusa ni walivyoziba mianya ya udanganyifu. Majina ya wagombea wa kila mtaa, na mitaa ilikuwa 30, yaliandikwa kwenye majani ya mvumo na kutiwa chunguni mbele ya mkutano. Mtoto asiyejua kilichomo ndiye aliyechomoa. Msimamizi alilipokea jani kwa kiganja wazi, vidole vyote vitano vimetanuliwa, kisha likasomwa kwa sauti. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kijiji bila kuwasilisha hesabu alizuiwa, yeye pamoja na ndugu zake wa karibu. Hapo nawavulia kofia.

Ila usiandike kwamba kila mtu alichagua. Ilikuwa bahati nasibu, tena ya wanaume Wabrahmini (tabaka la makuhani wa Kihindu) wa miaka 35 hadi 70, wenye nyumba na ardhi ya kulipiwa kodi na elimu ya Veda, maandiko matakatifu ya Kihindu. Wanawake na vibarua wa mashambani hawakuwemo.

Ukishamaliza hapo, fuatilia kamati ya bwawa, watu 6, maana mpunga wote ulitegemea maji yale.