Fremu Yangu Iko Stendi na Jumapili Niko Kazini: Nitalitumikiaje Kanisa?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni fundi cherehani, fremu yangu iko stendi ya mabasi. Jumapili ndiyo siku yenye wateja. Kwaya niliacha, mikutano ya jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani naikosa mara nyingi. Wenzangu wanalitumikia Kanisa, mimi najiona mtazamaji tu. Nifanye nini?

JIBU: Milele amina, dada. Fungua Matendo ya Mitume 9:36. Utamkuta Dorkasi wa Yafa, fundi mwenzako. Alipofariki, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anamwita mwanafunzi, na neno hilo la Kigiriki kwa umbo la kike halipatikani kwingine katika Agano Jipya. Katika mji huohuo Petro alikaa kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, kazi ambayo Wayahudi waliidharau kwa sababu ya mizoga. Nyumba yake ilikuwa kando ya bahari (Mdo 10:6), na hapo ndipo wajumbe wa Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi, walipobisha hodi. Sindano ya mmoja na nyumba ya mwingine vilihesabiwa kuwa huduma.

Misa kwanza, maana hiyo haina mbadala. Kanuni ya 1248 ya Sheria ya Kanisa inakuruhusu kutimiza wajibu wa Dominika, yaani Jumapili, kwa Misa ya jioni ya Jumamosi. Kama parokia yako haina Misa hiyo, nenda Misa ya kwanza asubuhi, kisha ufungue. Na kama unafungua siku zote saba, chagua siku moja ya kufunga, hasa ile ambayo jumuiya yako hukutana. Mwili nao unadai pumziko.

Sasa kazi yenyewe. Nenda kwa msimamizi wa sakristia, chumba cha kuandalia Misa, umuulize hali ya vitambaa vya altare. Purifikatori, kile kitambaa cha kufutia kalisi (kikombe cha divai ya Misa), kinahitaji pamba au kitani. Mafundi wengi hushona kwa tetroni, kitambaa cha poliesta, kwa sababu inang'aa na haikunjamani, lakini tetroni hainyonyi, padre anafuta na divai inabaki palepale. Fua pamba kabla ya kukata, maana husinyaa ikifuliwa. Kipande cha sentimita 30 kwa 45 kinatosha, chenye pindo jembamba, kinakunjwa sehemu tatu kwa urefu.

Sare za kwaya ndizo zinazoleta ugomvi, kwa hiyo zishughulikie kwa maandishi. Kitambaa chote kitoke jora moja, la sivyo rangi zitapishana na waimbaji watalaumu ushonaji wako. Ukimaliza sare mbili kwa siku, sare 30 ni siku 15 za kazi. Ongeza tano za kupima na kurekebisha. Kwa Krismasi, basi, vitambaa viwe mezani kwako kabla ya Novemba kwisha. Vikichelewa, kataa mapema. Kukataa Novemba kunaudhi kidogo, kushindwa tarehe 23 Desemba kunavunja kwaya.

Bei, dada, naomba uisikilize vizuri. Usichanganye ujira na sadaka. Kama ushonaji ni shilingi 15,000, andika 450,000 kwa sare 30, pokea malipo, kisha toa sadaka uliyokusudia moyoni na uchukue stakabadhi. Ukipunguza bei kimyakimya, fundi mwingine wa parokia akitaja bei halali ataonekana mnyonyaji, na wewe utaanza kunung'unika kwenye cherehani. Ukitaka kushona bure, andika bei kamili na chini yake "sadaka". Na kama uko kwenye kamati inayochagua fundi, toka nje wakati wa kuamua.

Stendi nayo ni nafasi ambayo mwenyekiti wa jumuiya hana. Bandika ukutani saa za Misa na jina la kituo cha kushukia. Mgeni anayehamia mtaani mara nyingi hupitia kwako, akitafuta pazia au sare ya mtoto. Muulize anakaa wapi, na akiridhia, peleka namba yake ya simu kwa mwenyekiti siku hiyohiyo. Akiridhia tu. Watu hufunguka wanapopimwa nguo: ugonjwa, mimba, ndoa inayoyumba. Hayo usiyapeleke jumuiyani hata kwa jina la nia ya sala, mpaka mwenyewe akuombe. Ukiyatoa mara moja, stendi nzima itajua, na hakuna Mkristo mwenye shida atakayekanyaga tena kwenye fremu yako.