Siegfried hakuangukiwa na jani la mndimu

Msomaji mmoja kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nasoma tafsiri ya kisa cha Siegfried wa Wajerumani, eti alioga damu ya joka ngozi ikawa haipenyeki, ila jani la mndimu lilimdondokea mgongoni, pale pakabaki laini. Hivi Ujerumani kuna ndimu? Au waliandika wakimaanisha mlimau?"

Marahaba. Si mndimu wala si mlimau, na umenigusa pale panaponiuma siku zote. Mfasiri anakutana na neno "lime" la Kiingereza, anachukua maana ya kwanza inayomjia kichwani na safari inaendelea! Waingereza wana miti miwili ya jina hilo. Mmoja ni huo wa ndimu, jina lake limetoka kwa Waajemi na Waarabu, ukoo mmoja na limau letu. Wa pili ni mti wa nchi za baridi, zamani waliuita lind, matamshi yakabadilika badilika mpaka majina yakagongana. Wajerumani mpaka leo wanasema Linde. Asili ya neno ni hiyo tu.

Sasa shika jani lenyewe. La mndimu unalijua, dogo, na tawi lake lina miiba. La Linde lina umbo la moyo na linaweza kujaa kiganja, na Nibelungenlied, utenzi wa Kijerumani wa miaka ya 1200 hivi unaosimulia kisa hiki, unasema wazi kwamba jani lilikuwa pana sana, likakaa katikati ya mabega. Mkewe Kriemhild akaja kushona alama ya msalaba kwenye nguo mahali hapo hapo, kwa vile Hagen, mtumishi wa mfalme kaka yake Kriemhild, alimdanganya kuwa atamlinda mumewe. Siku ya kuuawa Siegfried anafika kwenye chemchemi, anaegemeza mkuki wake kwenye tawi la Linde, anainama kunywa maji, Hagen anauchukua mkuki ule ule na kumchoma penye alama. Yaani mti uliomwachia udhaifu ndio uliosimama pale anapokufa! Weka mndimu hapo, msomaji ananusa kachumbari.

Na harufu halisi ya Linde ni ya asali, maua yanachemshwa chai ya mafua, na vijijini Ujerumani watu walikaa chini yake kuamua kesi. Wapolandi mwezi wa Julai wanauita lipiec, kutokana na lipa, mti huo huo. Yote hayo mfasiri kayafuta kwa neno moja. Jamani, mgeni akikuta kikuba cha bibi harusi, asumini na rehani zimefungwa pamoja, akaandika fungu la mchicha, tungemvumilia?

Tuuiteje basi? Wengine wanapendekeza "mlinde", mi sikubali, maana ukisoma "akakaa chini ya mlinde" kichwa kinasikia mtu anaamriwa kulinda. "Mlindi" ndo kabisa, huyo ni mlinzi. Tuseme mti wa tilia, jina lake la Kilatini, halafu uelezwe mara moja majani na maua yake yakoje. "Mti wa linden" nao naupokea, si mzuri sana ila haudanganyi.

Hiyo nakala yako chukua peni, kila penye mndimu andika tilia pembeni, na pale kwenye chemchemi usiparuke.