Wanaojibu "Bado"

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kama ni kweli wanawake wa siku hizi wamekataa kuzaa, maana katika rika lako wasio na mtoto wanazidi kuwa wengi.

Watu hudhani uzazi unashuka kwa sababu aliyekuwa akizaa wanne sasa anazaa wawili. Katika nchi nyingi tajiri hilo lilishatokea zamani. Sasa anayekosekana ni kifungua mimba mwenyewe. Uingereza na Wales, nusu ya wanawake waliozaliwa mwaka 1990 walitimiza miaka 30 bila mtoto. Kwa waliozaliwa 1941, wasio na mtoto katika umri huo hawakufika hata mmoja kati ya watano. Wengine huzaa baadaye, lakini si wote. Japani, zaidi ya robo ya wanawake waliozaliwa 1970 hawakuzaa kabisa.

Wamekataa? Wapo walioamua, na uamuzi wao nauheshimu. Lakini wengi niliowajua mimi hawakuwahi kusema hapana. Ukiwauliza kama wana mtoto, hujibu "bado". Kwanza amalize masomo, kisha apate kazi ya kudumu, kisha mwenzi wa kuaminika, naye mwenzi akipatikana husema tungoje kidogo. (Yeye hakuna anayemuuliza.) Neno ni lile lile akiwa na miaka 25 na akiwa na 39, ila mwili haungoji: mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na baada ya miaka 35 uwezo wa kushika mimba hupungua kwa kasi. Mtoto wa kwanza wa kutungishwa maabara alizaliwa 1978, lakini hata njia hiyo haiyarudishi mayai ujana. Ndiyo maana naumia nikisikia wanawake hawa wakiitwa wabinafsi.

Hukuniuliza juu yako, lakini nimesikia. Sikudai mjukuu. Kama jibu lako ni hapana, niambie, na shangazi zako nitawakabili mimi. Kama ni ndiyo, niambie mapema. Mimi nilipokuzaa, bibi yako alilala chumba cha pili miezi sita. Kila ulipolia usiku, aliamka kabla yangu. Nilirudi kazini kwa sababu yake. Wewe pia usipange peke yako kana kwamba huna mtu. Nitakuja nikae muda wowote utakaotaka, na nguvu ninazo bado.

Mama yako