Usikimbilie kufanya kalibrasheni upya

Katika maabara za Bukavu nilizofanyia kazi nimeona desturi moja ikijirudia: sampuli ya udhibiti (ile yenye thamani inayojulikana, inayopimwa ili kuikagua mashine) ikitoka nje ya mipaka asubuhi, laborantini wa zamu anafungua kalibreta (dutu yenye kiasi kinachojulikana, ya kuipangia mashine), anafanya kalibrasheni upya, na udhibiti ukirudi mahali pake anaanza kupima damu za wagonjwa. Ninawasihi wenzangu waiache desturi hiyo. Kalibrasheni ndiyo inayoieleza mashine ya baiokemia kwamba mwanga uliofyonzwa kiasi hiki ni sawa na glukosi kiasi hiki; ukiifanya huku kuna hitilafu usiyoitambua, hitilafu hiyo inaingia katika hesabu, na kila jibu litakalofuata litaibeba.

Tena, si kila thamani iliyovuka mpaka ni dalili ya ubovu. Takriban thamani 1 kati ya 20 huvuka mikengeuko sanifu miwili (kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika kuzunguka wastani) hata mashine ikiwa nzima kabisa. Kanuni za Westgard za mwaka 1981, za kuamua lini thamani za udhibiti zikataliwe, zinatupa kipimo chenye busara zaidi: zuia majibu thamani moja inapovuka mikengeuko mitatu, au mbili zinazofuatana zinapovuka miwili kwa upande uleule, kisha tafuta chanzo.

Chanzo ninachokiogopa kuliko vyote ni maji ya kuyeyushia. Kalibreta nyingi huja zikiwa unga mkavu, na kijikaratasi kinaagiza, kwa mfano, mililita 5 za maji yaliyosafishwa. Tuseme pipeti yako, yaani kifaa cha kupimia ujazo, imechakaa na inatoa mililita 5.5. Kalibreta iliyoandikwa glukosi 180 mg/dl sasa ina takriban 164, lakini mashine inaendelea kuamini kwamba ni 180, kwa hiyo majibu yote yanapanda kwa asilimia 10. Mgonjwa aliyefunga kula, mwenye 118, anasomeka 130, na kwa kuwa kisukari huanza kuhesabiwa kwenye 126, anarudi nyumbani na ugonjwa asio nao. Lililo baya zaidi ni kwamba udhibiti hautakuonya ikiwa nao umeyeyushwa kwa pipeti ileile, kwa sababu umepunguzwa nguvu kwa kiasi kilekile ambacho mashine inaongeza, na chati inabaki nzuri. Kwa hiyo pima pipeti yenyewe kwa mizani: mililita moja ya maji ina uzito wa karibu gramu moja. Baada ya kuweka maji, zungusha chupa polepole bila kutoa povu, iache kwa muda ulioandikwa, na uiweke mbali na jua la dirishani, kwa maana mwanga unaharibu bilirubini, mojawapo ya vitu vilivyomo.

Kila loti mpya ya kalibreta, yaani fungu lililotengenezwa pamoja, ina thamani zake, basi ziingize upya na usome vizio kwa makini: 1.80 g/l, 180 mg/dl na 10 mmol/l ni glukosi ileile. Umeme ukikatika, jambo ambalo hapa kwetu tumelizoea mno, usifanye kalibrasheni mara tu umeme unaporudi. Subiri taa itulie na sehemu ya mmenyuko ifike tena nyuzi 37. Taa ya halojeni inapozeeka hudhoofika kwanza kwenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 340, kwa hiyo ASAT na ALAT (vimeng'enya vya kuchunguza ini, vinavyosomwa hapo) zikianza kuyumba ilhali glukosi imetulia, itazame taa kabla ya kuvilaumu vitendanishi, yaani kemikali za kupimia.

Pale kalibrasheni inapohitajika kweli, kama baada ya kubadilisha loti ya vitendanishi au kuweka taa mpya, tenga kwanza seramu za wagonjwa wachache, ya chini, ya wastani na ya juu, uzipime kabla na baada. Seramu hizo hazikupitia pipeti ya kuyeyushia, kwa hiyo zitaonyesha kile ambacho udhibiti umekificha. Zikihama zote kuelekea upande mmoja, usiikubali kalibrasheni hiyo. Fungua chupa nyingine, yeyusha kwa pipeti iliyopimwa, na uandike daftarini namba ya loti, kigezo cha zamani na kipya (namba ambayo mashine inatumia kugeuza mwanga kuwa jibu), ili wa zamu ya usiku ajue mashine imeachwa katika hali gani.