Mechi ya Tisa Haina Kosa, Tuwatazame Wanaoajiri Makocha

Swali la wiki mlilotuuliza wasomaji lilikuwa hili: je, uamuzi wa SEC, kundi la vyuo vinavyocheza futiboli ya Kimarekani, wa kuongeza mechi ya tisa ya ligi kuanzia msimu wa 2026 unamfaa shabiki, au umefanywa kwa ajili ya televisheni peke yake? Jibu langu ni kwamba unamfaa shabiki, tena sana, lakini utawaumiza makocha, na watakaosababisha maumivu hayo si waliopanga ratiba bali ni wakurugenzi wa michezo na wajumbe wa bodi za vyuo, ambao wameukubali ugumu mpya bila kubadilisha namna wanavyoajiri na kufukuza.

Kwa wasomaji wasioufuatilia mchezo huu, futiboli ya Kimarekani ya vyuo haina ligi moja ya taifa. Vyuo vimejigawa katika makundi yaitwayo konferensi, na SEC, yaani Konferensi ya Kusini-Mashariki, ina vyuo 16, kuanzia Texas na Oklahoma upande wa magharibi hadi Florida na South Carolina upande wa mashariki. Ligi Kuu ya Tanzania nayo ina timu 16, lakini kila timu hucheza mechi 30, hukutana na kila mwenzake nyumbani na ugenini, na msimu unapokwisha hakuna ubishi kuhusu nani alikutana na nani. Katika futiboli ya vyuo jambo hilo haliwezekani, kwa sababu mchezo wenyewe unaumiza miili, timu hucheza mara moja kwa wiki, na msimu wa kawaida una mechi 12 tu kati ya mwisho wa Agosti na mwisho wa Novemba. Kwa hiyo heshima ya timu hutegemea sana ni mechi zipi imepangiwa na ni zipi imejitafutia yenyewe.

Tangu 1992, isipokuwa mwaka wa korona, kila chuo cha SEC kilipangiwa mechi nane za ligi, na nne zilizobaki kilijitafutia. Hapo ndipo palipokuwa na mwanya. Chuo kikubwa kiliweza kualika chuo kidogo, kukilipa fedha nyingi ili kije kufungwa, na kuuza tiketi kwa mashabiki waliokwisha kulipia msimu mzima na wasioweza kukataa. Novemba 2024, mwezi ambao wengine huwa wanapigania nafasi zao, Alabama iliikaribisha Mercer na kuifunga 52 kwa 7. Sina chuki na Mercer, ambayo fedha hizo huisaidia kuendesha michezo mingine, lakini sijawahi kukutana na shabiki wa Alabama aliyeisubiri mechi ya namna hiyo kwa hamu.

Agosti 2025 SEC, chini ya kamishna wake Greg Sankey, ilitangaza utaratibu mpya. Kila chuo kitakuwa na wapinzani watatu wa kudumu, kisha mechi sita zitazunguka miongoni mwa vyuo vingine, hivyo kila timu itakutana na kila mwenzake angalau mara moja katika miaka miwili, na katika miaka minne itakuwa imecheza kwenye viwanja vyote. Zaidi ya hayo, kila chuo kinapaswa kucheza angalau mechi moja dhidi ya timu ya konferensi nyingine kubwa au dhidi ya Notre Dame, ambayo katika futiboli haimo katika konferensi yoyote. Anayeona kwamba hayo ni madogo akumbuke kuwa Texas A&M iliingia SEC mwaka 2012, na hadi msimu wa 2025 ulipokwisha Georgia ilikuwa haijawahi kwenda kucheza nayo mjini kwake, College Station, kama mwanachama mwenzake wa ligi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ameingia sekondari bila kuiona Georgia katika uwanja wa nyumbani kwao.

Watani wa jadi wengi wamelindwa. Texas na Texas A&M, ambao walianza kupambana mwaka 1894 na kutenganishwa baada ya msimu wa 2011 kwa sababu ya ugomvi wa konferensi, walirudi kukutana Novemba 2024, Texas ikashinda 17 kwa 7 ugenini, na sasa watakutana kila mwaka. Naishi Texas, na naweza kusema kwamba sisi wahamiaji, ambao wengi wetu tuliuanza mchezo huu kwa sababu wenzetu kazini hawana mazungumzo mengine siku ya Jumatatu, tuliielewa ile mechi kuliko mechi zote, maana utani wa jadi haumhitaji mkalimani. Hasara ipo pia. Alabama na LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) walicheza kila mwaka tangu 1964, na katika mpango mpya hawamo katika orodha ya wapinzani wa kudumu wa kila mmoja. Alabama imebaki na Auburn, Tennessee na Mississippi State, na LSU imebaki na Arkansas, Ole Miss (Chuo Kikuu cha Mississippi) na Texas A&M. Ningependa mechi ile ilindwe kuliko ya Alabama na Mississippi State, lakini wapinzani watatu hawawezi kuwa wanne.

Sasa nifike kwenye hesabu ambayo viongozi hawapendi kuizungumza. Timu 16 zikicheza mechi nane za ligi kila moja, jumla yake ni mechi 64, na zikicheza tisa, jumla ni 72. Kila mechi ina mshindwa, kwa kuwa mchezo huu hauna sare. Maana yake ni kwamba kuanzia 2026 kutakuwa na vipigo vinane zaidi ndani ya SEC ambavyo lazima vimwangukie mtu, na vingi vitazifikia timu ambazo zingetumia Jumamosi hiyo kumfunga mgeni aliyelipwa. Mechi tisa hazigawanyiki sawasawa, kwa hiyo kila mwaka nusu ya vyuo vitakuwa na mechi nne za ligi nyumbani na tano ugenini. Timu iliyozoea kumaliza na ushindi tisa na vipigo vitatu huenda ikamaliza na ushindi nane na vipigo vinne bila kocha wake kupungukiwa na ujuzi wowote. Je, mkurugenzi wa michezo anayemwajiri atalikumbuka hilo mwezi Novemba, wakati wafadhili wanapompigia simu?

Historia ya karibuni hainipi matumaini, na mfano ulio wazi zaidi ni LSU. Scott Woodward alikuwa mkurugenzi wa michezo wa Texas A&M mwaka 2017, alipomwajiri Jimbo Fisher kwa mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya dola milioni 75. Baadaye Woodward alihamia LSU, na mwaka 2021 mrithi wake kule A&M, Ross Bjork, akamwongezea Fisher mkataba. Fisher alipofukuzwa Novemba 2023, chuo kilijikuta kikidaiwa zaidi ya dola milioni 75 za kuvunja mkataba huo. Kule LSU, Woodward alimwajiri Brian Kelly mwishoni mwa 2021, tena kwa miaka kumi, safari hii kwa dola milioni 95. Oktoba 2025 LSU ilifungwa 49 kwa 25 nyumbani, tena na Texas A&M, na siku iliyofuata Kelly akafukuzwa, huku fidia yake ikitajwa kuwa dola milioni 54 hivi. Gavana wa Louisiana, Jeff Landry, akasema hadharani kwamba Woodward hatamchagua kocha anayefuata, na baada ya muda mfupi Woodward mwenyewe akaondoka.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu linaonyesha mahali tatizo lilipo. Ratiba ya LSU mwaka 2025 haikuwa na mechi tisa za ligi, ilikuwa na nane. Aliyeingiza chuo katika deni si televisheni wala kamishna, bali ni uongozi uliotoa ahadi ya miaka kumi kwa kocha ambaye haukumvumilia hata nusu ya muda huo. Kisha LSU ikafanya jambo lile lile kwa haraka zaidi: mwishoni mwa Novemba ikamchukua Lane Kiffin kutoka Ole Miss kwa mkataba wa miaka saba, wakati Ole Miss ilikuwa imeshinda mechi 11 na kupoteza moja, na ilikuwa ikijiandaa kwa mtoano wa timu 12 unaompata bingwa wa taifa. Ole Miss haikumruhusu aendelee kuiongoza timu aliyokwisha kuikimbia. Ikamkabidhi Pete Golding, aliyekuwa mkuu wa safu ya ulinzi, na chini yake ikaifunga Georgia na kufika nusu fainali. Mashabiki wa Ole Miss ninaowafahamu hawajapata msimu mtamu kama ule wala kinyongo kikubwa kama kile.

Wapo watakaoniambia kwamba ratiba ngumu inawaadhibu wanaothubutu. Watatoa mfano wa Texas, iliyokwenda Columbus Agosti 2025 kucheza na Ohio State, ikafungwa 14 kwa 7, ikamaliza na ushindi tisa na vipigo vitatu, na kamati ya uteuzi ikaiacha nje ya mtoano. Kocha Steve Sarkisian aliteta kwamba bila safari ile wangekuwa na vipigo viwili na wangeingia. Ni hoja yenye nguvu, lakini inasahau kwamba Texas ilifungwa pia na Florida, timu iliyomaliza msimu na ushindi wa mechi nne tu na iliyomfukuza kocha wake kabla msimu haujakwisha. Kilichoigharimu Texas ni Florida. Upande wa pili, Miami iliifunga Notre Dame 27 kwa 24 katika wiki ya kwanza ya msimu huo huo, na timu hizo mbili zilipolingana kwa ushindi mwezi Desemba, mechi ile ya Agosti ndiyo iliyoamua nani aingie. Miami ikaingia, ikafika fainali.

Mfano unaonisumbua ni wa Indiana, kwa sababu unapingana na sehemu ya hoja yangu. Chuo hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyofungwa mara nyingi zaidi katika historia ya mchezo huu, na mechi ilizojitafutia nje ya konferensi ya Big Ten mwaka 2025 zilikuwa nyepesi kiasi cha kuchekwa. Hata hivyo iliifunga Oregon ugenini, ikaifunga Ohio State 13 kwa 10 katika fainali ya Big Ten, na Januari 2026 ikatwaa ubingwa wa taifa mbele ya Miami bila kupoteza hata mechi moja. Tofauti ni kwamba Big Ten ilikuwa tayari inacheza mechi tisa za ligi, kwa hiyo wepesi wa mwanzo haukuweza kuificha timu hadi mwisho. Na jambo la pili ni kocha: Curt Cignetti aliajiriwa mwishoni mwa 2023 kutoka James Madison, chuo ambacho wengi hawakukifikiria, na uongozi wa Indiana ukamwachia kazi. Wakurugenzi wanaokimbilia jina kubwa lililokwisha kufukuzwa kwingine wangeweza kumpata yeye kabla ya Indiana.

Kuhusu televisheni nitasema machache, kwa kuwa waliouliza swali walilitaja. Tangu 2024 mechi za SEC ziko mikononi mwa ESPN na ABC, na ni kweli kwamba mechi nyingi nzuri zinawapa bidhaa bora ya kuuza. Kinachonikera si hilo. Ligi sasa hutangaza mapema iwapo mechi itakuwa ya mchana, alasiri au usiku, lakini baadhi huachwa wazi hadi siku 12, na nyakati nyingine siku sita, kabla ya kuchezwa, na shabiki anayesafiri na familia huku akilipia hoteli hana namna ya kujipanga. Hilo lingerekebishwa kwa kalamu moja, bila kugusa idadi ya mechi. Mbaya zaidi ni pale viongozi wanaposhindwa kuelewana kabisa, kama USC (Chuo Kikuu cha Southern California) na Notre Dame, ambao utani wao ulianza 1926 na ambao hawatakutana mwaka 2026. Miaka mia moja imetimia, na hakuna mechi.

Kwa hiyo macho yangu mwaka huu yako Louisiana kuliko mahali pengine. LSU itafungua msimu nyumbani na Clemson, na Septemba hiyo hiyo Kiffin atarudi Oxford, mji wa Mississippi ulio nyumbani kwa Ole Miss, kucheza nayo mbele ya watu aliowaacha mlangoni mwa mtoano. Texas nayo itaipokea Ohio State mjini Austin kabla ya kuingia katika mechi zake tisa. LSU ikipoteza hizo mbili, ya Clemson na ya Ole Miss, itakuwa bado na mechi nane za ligi mbele yake, na mkataba wa kocha wake utakuwa bado na karibu miaka saba. Ningemwomba mkurugenzi wa michezo na bodi yake waandike sasa hivi, kabla mpira haujapigwa, ni vipigo vingapi wanaviona vya kawaida kwa ratiba hii, waitie karatasi hiyo saini, na waitangaze kwa mashabiki wanaonunua tiketi.