Neno alilolitoa mwanangu sebuleni kwetu, na chandimu ya Pasua

Mwaka juzi mwanangu akiwa na miaka saba alimwita mtoto wa jirani, aliye na ualbino, "zeruzeru" pale nje ya geti letu hapa Pasua, Moshi, kisa dogo amekosa goli. Nilikuwa nachambua mchele nikasikia. Nikatoka na fimbo mkononi, ila nilipomuuliza hilo neno umelitoa wapi akaniangalia usoni akasema, "Si wewe na bamdogo mlikuwa mnasema." Na kweli, wiki ile ile tulikaa sebuleni tunaongelea mtu mmoja wa sokoni Mbuyuni na neno hilo tulilitumia bila hata kufikiri. Fimbo niliiweka chini.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, anza na sebule yako. Utani wa Wachaga na Wapare kwa mfano, ule una wenyewe na una mipaka yake, mkubwa anajua leo tuko msibani tunataniana na kesho tunazikana, ila mtoto wa miaka saba hiyo mipaka haioni, yeye anabeba neno tu kama lilivyo anaenda nalo shule.

Jioni ile nilimchukua tukaenda kwa mama yake yule mtoto. Sikumlazimisha aseme samahani mlangoni halafu tuondoke, maana ile samahani ya kulazimishwa haifundishi kitu. Nilianza mimi. Nikamwambia mama, "Pole sana dada, hili neno limetoka nyumbani kwangu." Akanyamaza kidogo, akatukaribisha chai, akawaita watoto wote wawili akawaelezea kwamba mwili wa mwanawe hautengenezi ile rangi inayokinga ngozi na jua, wala hakuna laana yoyote, na ndo maana anavaa kofia na mikono mirefu, na macho yake mwanga mkali unayasumbua. Akatoa kopo la mafuta ya Kilisun, yale ya kukinga ngozi na jua, akasema haya yalianza kutengenezwa hapa hapa Moshi, pale hospitali ya KCMC kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi. Mwanangu alishangaa sana, KCMC si tunapita kila siku! Akaomba ayanuse.

Kilichofuata mi sikukipanga. Kesho yake watoto wenyewe wakakubaliana chandimu isichezwe tena mchana, ianze saa kumi na moja jua likishapungua, na mpira wa matambara wakauzungushia kitambaa cheupe ili mwenzao auone vizuri. Halafu ikaonekana hiyo saa inawafaa na wale wa madrasa maana wanakuwa wameshatoka, na wakasema adhana ya magharibi ikilia mechi imekwisha hata kama mtu anaenda kufunga. Hapo ndo nikaona kumbe hawa wanaweza, shida yetu wakubwa tunawahubiria sana halafu hatuwapi kitu cha kuamua.

Nikakumbuka kwa babu Machame. Sisi tulijifunza haki kwenye mfongo, ule mfereji wa maji. Siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kila nyumba inatoa mtu, tajiri na maskini, watoto tunabeba majani na matope, asiyetokea anatozwa. Na maji yana zamu, zamu yako ikiisha unafunga hata kama mgomba wako bado mkavu, maana wa chini naye anasubiri. Hakuna aliyetukalisha darasani kutuambia uraia ni nini lakini mtu aliyekula zamu ya mwenzake kila mtoto alimjua.

Mjini mfongo hatuna, basi tukatumia mpira. Watoto walikuwa kumi na tano, wakataka mwenyekiti wa kutunza mpira na kupanga timu. Nikawafundisha kura ya siri: kila mmoja anapewa punje ya hindi na harage, hindi ni huyu, harage ni yule, anaingia nyuma ya mlango peke yake anadumbukiza moja kwenye kopo, nyingine anaificha. Tukahesabu wote tukiona. Maharage tisa, mahindi sita.

Hapa lazima niseme ukweli. Aliyeshinda mi sikumtaka. Nilimtaka yule mwingine, mtoto mpole, wa usharika wetu, nikaanza kusema labda turudie, labda hawakuelewa. Mwanangu akasema, "Mama, si ulisema kura ndo inaamua?" Nikakaa. Wazazi tuwe makini sana na hii, ukimpindulia mtoto kura ya maharage umemfundisha jambo atakalotembea nalo mpaka siku ya kupiga kura halisi.

Siku hiyo hiyo mmoja akauliza mwenye ualbino anaweza kuwa kiongozi? Nikawaambia mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany kuwa mbunge wao, mtu mwenye ualbino, kwa kura kabisa. Na nikawasomea Ibara ya 12 ya Katiba yetu, ile ya binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Mtoto wa jirani akaniomba nirudie tena, nikarudia.

Baada ya hapo tumewapeleka ofisi ya serikali ya mtaa, wakamwamkia mwenyekiti wakamweleza kuhusu taka zinazotupwa kwenye mtaro karibu na uwanja wao. Alikuja kuangalia, akawaambia wao nao waje Jumamosi ya usafi, na walikuja na mafagio. Ukitaka kufanya hivi mtaani kwako huhitaji hela wala mradi, tafuta wazazi wawili watatu wa dini na makabila tofauti, mjumbe ajue, na watoto wapewe jambo moja lao kweli kweli.

Sa hivi kuna mgogoro mpya, wasichana wanataka kucheza na wavulana kadhaa wanakataa. Kikao ni Jumamosi. Nimeulizwa kama nina maharage, na nimeombwa nisubiri nje.