Re: Taa ya oili inawaka njiani, sensa au presha kweli?

Habari mkuu. Yaani unatoka Mtwara, ukifika Mingoyo injini imeshapata moto ukipunguza mwendo taa ya oili inawaka, na fundi anataka ununue sensa ya presha ya oili (ile inayowasha taa). Subiri kwanza. Zima gari pima oili kwa dipstiki, ikiwa chini usiwashe kabisa. Ikiwa sawa chomoa waya wa sensa (kama ni ile ya waya mmoja), weka swichi on, taa ikibaki inawaka basi waya umegusa bodi ya gari mahali. Ikizima waya ni mzima ila bado hujajua kitu, fungueni sensa mfunge geji ya mkono ya kupima presha ya oili palepale. Yangu hapa Mikindani ilisoma psi 20 (psi ni kipimo cha presha) ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, injini ya moto, nikabadilisha sensa tu, plagi ya waya wake ilishaliwa na chumvi. Geji ikisoma chini ya 5 usiendeshe, utaua beringi za injini.